Gramu 15 kwa dola 10: Majina ya biri yanavyomfundisha mkulima bei ya jani

Mkulima wa Urambo au Chunya anapopeleka marobota yake ya tumbaku sokoni, wastani wa bei ya kilo nzima huwa hauzidi dola tatu za Marekani. Wakati huohuo, katika maduka ya Marekani na Ulaya, biri moja ya daraja la juu yenye uzito wa gramu 15 hivi huuzwa dola 10, na nyingine mara mbili au tatu ya hapo. Ukiipasua biri hiyo hutakuta dhahabu ndani yake. Utakuta majani ya tumbaku na gundi kidogo ya mimea, basi.

Tufanye hesabu ndogo. Kwa bei ya dola tatu kwa kilo, gramu 15 za tumbaku ni senti nne na nusu tu za dola. Ni kweli kwamba ndani ya zile dola 10 mna kodi, nauli, faida ya muuzaji wa jumla na ya mwenye duka. Hata hivyo, hayo peke yake hayatoshi kueleza pengo kati ya senti nne na nusu na dola 10. Sehemu kubwa ya pengo hilo imejazwa na kazi inayofanyika juu ya jani tangu likiwa shambani hadi linapoingia kwenye sanduku. Kila hatua ya kazi hiyo imepewa jina, na kila jina lina bei yake.

Makala haya yanaeleza majina hayo. Lengo si kumshawishi mtu avute biri, wala kumwambia mkulima ang'oe alichopanda. Lengo ni kuonyesha mahali ambapo thamani ya jani huongezwa, nani huibeba gharama yake, na nani huichukua faida.

Biri si sigara kubwa

Sigara ya kawaida ni tumbaku iliyokatwakatwa na kufungwa ndani ya karatasi kwa mashine. Biri haina karatasi. Ni jani lililofungwa kwa jani na kuvikwa jani. Zipo biri za bei rahisi zinazotengenezwa kwa mashine na kujazwa vipande vya tumbaku. Zile zinazoitwa za daraja la juu husokotwa kwa mkono, na majani yaliyo ndani yake ni marefu, yanatoka ncha moja ya biri hadi nyingine bila kukatwa.

Lugha ya biashara hii ni Kihispania, kwa sababu wenyewe ni watu wa Cuba, Jamhuri ya Dominika, Nicaragua na Honduras. Wao huigawa biri katika sehemu tatu.

Ya kwanza ni tripa, yaani majani ya ndani yanayoijaza biri na kuipa nguvu na ladha. Ya pili ni kapote, jani imara linalofunga tripa isifumuke. Ya tatu ni kapa, jani la nje ambalo mnunuzi huliona na kuligusa.

Kapa ndilo jani ghali kuliko yote, ingawa uzito wake ni mdogo kuliko sehemu nyingine. Jani la kapa likitolewa mshipa wa kati hugawanyika nusu mbili, na kila nusu huvika biri moja. Kwa hiyo kilo moja ya majani ya kapa huweza kuvisha mamia ya biri. Ndiyo maana mwenye kiwanda yuko tayari kulipa bei kubwa kwa kilo: gharama hiyo huigawanya kwa biri nyingi, na ni jani hilo linalomfanya mteja afungue pochi.

Lakini kapa haina msamaha. Jani likiwa na tundu moja la kiwavi, mpasuko wa upepo, au doa la maji, haliwezi kuwa kapa tena. Huteremshwa likawa kapote, na likiwa baya zaidi huingizwa kwenye tripa. Mche ni uleule, mbolea ni ileile, kibarua ni yuleyule, ila bei imeshuka kwa sababu ya tundu lisilofikia ukubwa wa punje ya mtama. Mkulima yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mteuzi na kuona robota lake likishushwa daraja anaielewa lugha hii bila mkalimani.

Jani la chini, la kati na la juu

Wakulima wetu wanajua kwamba majani ya mche mmoja hayalingani. Ya chini ni mepesi, ya katikati yamekamilika, na ya juu ni mazito. Wenye biri nao huvuna hivyohivyo, wakianzia chini na kupanda juu kwa wiki kadhaa, lakini wao wameyapa makundi hayo majina na kazi tofauti.

Jani la chini huitwa volado. Halina nguvu nyingi, ila hushika moto vizuri, hivyo kazi yake ni kuifanya biri iwake bila kuzimika. Jani la kati huitwa seko, na linasifika kwa harufu yake. Jani la juu, ambalo limepigwa na jua kwa muda mrefu zaidi, huitwa lihero. Hilo ni nene, lina mafuta na nikotini nyingi, na huungua polepole. Msokotaji huliweka katikati kabisa ya biri ili lisiharibu mwako.

Kumbe lihero bila volado haliwaki vizuri, na volado bila lihero ni moshi mtupu. Kiwanda kinahitaji yote matatu kwa uwiano wake. Mkulima anayechanganya majani ya chini na ya juu katika robota moja ili kuongeza uzito anamnyima mnunuzi kitu anachokilipia, yaani uhakika wa kujua ni jani gani lililomo. Asiyekuwa na uhakika huo hununua kwa bei ya lile jani baya kuliko yote aliyoyaona.

Kivuli kinapouzwa

Kapa nyingi laini hulimwa chini ya kivuli. Huko Vuelta Abajo, katika mkoa wa Pinar del Río magharibi mwa Cuba, mashamba ya kapa hufunikwa kwa kitambaa chepesi kilichotandazwa juu ya nguzo. Jua likipunguzwa, jani hutanuka likawa pana, jembamba na lenye mishipa midogo.

Historia ya kivuli hicho ni somo la ushindani. Mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wa bonde la mto Connecticut nchini Marekani walianza kupoteza soko la kapa kwa sababu ya majani mazuri yaliyoletwa kutoka kisiwa cha Sumatra. Mwaka 1900 walijaribu kulima chini ya mahema ya kitambaa huko Windsor ili waige hali ya hewa ya Sumatra, nao wakafaulu. Kapa ya kivuli ya Connecticut ikawa jina linaloheshimika kwa miongo mingi.

Kisha ikaja zamu ya Ecuador. Nchi hiyo ina maeneo ambayo mawingu hufunika anga kwa sehemu kubwa ya msimu. Mbegu za Connecticut na za Sumatra zilipopandwa huko, wingu lilifanya kazi ya kitambaa bila gharama ya nguzo wala hema, na vibarua walikuwa wa bei nafuu. Leo biri nyingi zinazotangazwa kuwa na kapa ya "Connecticut" zimevikwa jani lililokua Ecuador. Eneo la kilimo hicho huko Connecticut kwenyewe limepungua sana.

Afrika nayo imo. Kapa ya Cameroon, inayotokana na mbegu ya Sumatra na kulimwa Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, inajulikana kwa wavutaji wa biri duniani kote. Ina vipele vidogo vya mafuta na rangi ya kahawia, na hulimwa bila mahema kwa sababu mawingu na unyevu wa eneo hilo vinatosha. Jani hilo limewafikisha wakulima wadogo wa Kiafrika kwenye rafu za maduka ya New York na Geneva. Tofauti na kilo za tumbaku zinazopotea ndani ya mchanganyiko wa sigara, jina la nchi yao linabaki kwenye bidhaa hadi mwisho.

Bani lisilo na moto

Jambo linaloweza kumshangaza mkulima wa tumbaku ya mvuke ni kwamba majani ya biri nyingi hayakaushwi kwa moto. Hutundikwa kwenye mabani marefu ya mbao au makuti, na hewa peke yake hufanya kazi kwa takriban siku 45 hadi 60. Mkulima hufungua na kufunga madirisha kufuata unyevu wa siku. Hakuna shehena ya kuni. Kwa anayekumbuka jinsi miti ya Tabora ilivyokwisha kwa ajili ya mabani, hilo si jambo dogo.

Baada ya kukauka ndipo inapoanza kazi ambayo wakulima wetu hawaifanyi kabisa: kuchachusha. Majani hunyunyiziwa unyevu na kurundikwa katika malundo makubwa. Joto la ndani ya lundo hupanda lenyewe, likafikia nyuzi 40 za Selsiasi na zaidi. Mtu wa zamu hupima joto, na likipita kiwango lundo hubomolewa na kupangwa upya, majani ya nje yakiwekwa ndani. Amonia hutoka kwa wingi kiasi cha kuwasha macho, nikotini hupungua, ukali hupoa na rangi hukolea. Majani ya kapa nyepesi huchachushwa kwa muda mfupi, na lihero huhitaji muda mrefu zaidi, pengine mara kadhaa.

Kisha majani hupangwa upya kwa rangi, ukubwa na unene, hufungwa, na kuhifadhiwa. Jani la biri nzuri hukaa ghalani mwaka mmoja, miwili, mitatu, na wakati mwingine zaidi.

Hapa ndipo swali la uchumi linapojitokeza. Nani anaweza kukaa na mali miaka mitatu bila kuiuza? Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu amenunua kilo 1,000 kwa Sh6,000 kila moja, jumla Sh6,000,000, kwa mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Baada ya miaka mitatu deni lake limefika karibu Sh9,860,000. Tuseme tumbaku imepungua uzito kwa asilimia 10 katika kuchachushwa na kuchambuliwa, na amebaki na kilo 900. Kila kilo sasa imemgharimu karibu Sh10,950, kabla hajalipa ghala, vibarua na dawa ya wadudu. Ni lazima auze kwa bei inayokaribia mara mbili ya aliyonunulia ili arudishe mtaji tu.

Kwa hiyo muda nao ni malighafi, na yenyewe ni ghali kwa maskini kuliko kwa tajiri. Mwenye mtaji wa riba ya asilimia tano huona kuhifadhi jani ni faida. Mwenye riba ya asilimia 18 huona ni hasara. Hii ndiyo sababu mojawapo ya thamani kubwa kubaki mikononi mwa makampuni na familia zenye fedha, hata pale ambapo mkulima amefanya kazi yake vizuri.

Saizi, rangi na mkono wa msokotaji

Msokotaji wa biri hukaa mezani akiwa na ubao, kisu kipana kisicho na mpini na gundi ya mimea. Mzoefu husokota takriban biri 100 kwa siku kwa saizi za kawaida. Akibana tripa kupita kiasi, moshi haupiti. Akiilegeza, biri huwaka haraka na kuwa ya moto mdomoni. Huko Cuba kumekuwapo tangu mwaka 1865 desturi ya kuwa na msomaji katika chumba cha wasokotaji, anayewasomea magazeti na riwaya wakiwa kazini.

Saizi na umbo la biri huitwa vitola. Unene hupimwa kwa kipimo cha pete, ambacho ni sehemu moja ya 64 ya inchi, yaani karibu milimita 0.4. Biri ya pete 50 ina kipenyo cha milimita 20 hivi. Baadhi ya majina ambayo mfanyabiashara atakutana nayo ni haya:

Robusto ni fupi na nene, urefu wa milimita 124 na pete 50. Corona ni saizi ya kati, milimita 142 na pete 42. Churchill ni ndefu, milimita 178 na pete 47, na jina lake limetokana na Waziri Mkuu wa Uingereza Winston Churchill aliyeitembelea Havana mwaka 1946. Biri zilizonyooka kama bomba ziko katika kundi moja, na zile zilizochongoka ncha ziko katika kundi jingine ambalo kusokota kwake ni kugumu zaidi.

Rangi ya kapa nayo ina majina. Claro ni kahawia hafifu, Colorado ina wekundu, Maduro ni kahawia iliyokolea na Oscuro inakaribia weusi. Wengi hudhani kwamba biri nyeusi ndiyo kali. Si lazima iwe hivyo. Maduro hupata rangi yake hasa kwa kuchachushwa kwa muda mrefu na joto zaidi, na mara nyingi ladha yake huelekea kwenye utamu. Ukali unatokana zaidi na kiasi cha lihero kilichomo ndani.

Jina la mahali lina bei yake

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya biri, methali hiyo ni nusu tu ya ukweli. Kizuri hujiuza pale kinapokuwa na jina linalolindwa.

Cuba ndiyo mfano mkubwa. Viwanda vyake vilitaifishwa mwaka 1960, na Februari 1962 Marekani ikaweka vikwazo vilivyofunga soko lake kubwa kuliko yote. Mtu angetazamia jina la biri za Havana life. Badala yake liliendelea kupanda bei kwingineko. Kampuni ya Habanos S.A., iliyoanzishwa mwaka 1994 na inayouza biri za Cuba duniani, ilitangaza mauzo ya dola milioni 827 kwa mwaka 2024, bila duka hata moja la Marekani.

Lakini jina haliondoi hatari. Karibu mwaka 1980 ugonjwa wa ukungu wa bluu uliangamiza sehemu kubwa ya tumbaku ya Cuba. Septemba 2022 kimbunga Ian kiliipiga Pinar del Río na kuangusha maelfu ya mabani ya kukaushia. Uhaba ulipandisha bei zaidi kwa wenye akiba ghalani, huku mkulima akitafuta mbao na mabati ya kuanza upya.

Familia za wenye viwanda waliohama Cuba zilibeba ujuzi wao, na mbegu za Cuba zikapandwa Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nicaragua. Haikuwa njia rahisi. Nicaragua ilipitia vita, na mwaka 1985 nayo ikawekewa vikwazo na Marekani hadi mwaka 1990. Leo mji wa Estelí ni miongoni mwa vituo vikubwa vya biri duniani. Imewachukua miongo kadhaa kufika hapo.

Walioharakisha waliumia. Kati ya mwaka 1992 na 1997 biri zilikuwa fasheni Marekani, na uagizaji wa zile za daraja la juu ulipanda kutoka takriban milioni 100 kwa mwaka hadi zaidi ya milioni 400. Kila mwenye shamba Amerika ya Kati alipanda tumbaku. Viwanda vikafunguliwa ovyo, na majani ambayo hayajachacha sawasawa yakasokotwa. Wavutaji wakaonja, wakakataa. Kufikia mwaka 1998 maghala yalijaa biri zisizo na mnunuzi, na wengi waliokopa ili kupanda walibaki na madeni. Soko lilirudi taratibu, na mwaka 2022 uagizaji ulizidi tena milioni 400, ila waliofaidi ni wale waliokuwa na subira na mtaji.

Kwa mwenye duka

Wafanyabiashara wenye maduka karibu na hoteli za watalii hushawishiwa kuweka biri. Kuna mambo matatu ya kuzingatia kwanza.

La kwanza ni uhifadhi. Biri inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 20. Katika joto la Dar es Salaam au Zanzibar, mayai ya mdudu wa tumbaku huanguliwa na kutoboa sanduku zima. Huyu ni mdudu yuleyule anayeharibu tumbaku na viungo ghalani. Kwa hiyo hesabu ya biri ni hesabu ya umeme pia. Masanduku ya kuhifadhia hutengenezwa kwa mbao za mti wa Cedrela odorata, unaoitwa mseda wa Kihispania ingawa ni wa jamii ya mkangazi. Mti huo uliletwa Tanzania na sasa umevamia baadhi ya misitu, ukiwemo wa Kimboza mkoani Morogoro.

La pili ni bidhaa bandia. Biri za Cuba, hasa Cohiba, huigwa sana. Sanduku halisi huwa na muhuri wa dhamana wa serikali ya Cuba, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1912, na chini yake pameunguzwa maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano", pamoja na alama ya kiwanda na tarehe. Sanduku lenye mfuniko wa kioo linalotembezwa ufukweni kwa bei ya chini ni la kuepuka. Mteja akigundua amedanganywa, hatarudi hata kununua maji.

La tatu ni sheria na afya. Sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia bidhaa za tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Aidha, biri si salama kuliko sigara. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na husababisha saratani za mdomo, koo, koromeo na mapafu hata kwa asiyeumeza moshi. Mkulima naye asisahau kwamba nikotini hupita kwenye ngozi anaposhika majani mabichi yenye umande. Kichefuchefu na kizunguzungu baada ya kuvuna si uchovu tu.

Mkulima wetu afanye nini?

Tanzania ilizalisha zaidi ya tani laki moja za tumbaku katika msimu wa 2022/23, nyingi ikiwa ya mvuke kwa ajili ya sigara. Mkulima akisikia habari za dola 10 anaweza kutamani kubadili mbegu. Asikimbilie. Kilimo cha tumbaku nchini huenda kwa usajili na mkataba, na jani la biri lisilo na mnunuzi aliyesaini halina soko la dharura. Haliwezi kuingizwa katika robota la tumbaku ya mvuke.

Wenye nafasi ya kuuliza maswali zaidi ni wa Ruvuma, wanaolima tumbaku ya moshi. Italia ina biri yake iitwayo Toscano, inayotengenezwa kwa tumbaku ya aina ya Kentucky iliyokaushwa kwa moshi wa kuni. Inasimuliwa kwamba ilianza mwaka 1815 huko Florence, pale lundo la majani liliponyeshewa na mvua na kuchacha. Badala ya kulitupa, wakalisokota wakauza kwa bei ndogo. Leo ni bidhaa yenye heshima. Jani la moshi, kumbe, linaweza kuwa na jina likitendewa kazi.

Kabla ya kusaini mkataba wowote wa jani la biri, chama cha msingi kiulize maswali haya na kiandike majibu. Mnunuzi anataka kapa, kapote au tripa, na bei ya kila moja ni ipi? Jani likishushwa kutoka kapa kwenda tripa, nani anaamua, na mkulima ana haki ya kupinga mbele ya nani? Nani anachachusha, na kupungua kwa uzito kunahesabiwa kwa nani? Malipo ni siku ya kupima au baada ya jani kukomaa ghalani? Jina la mahali litaandikwa kwenye bidhaa?

Hata kwa asiyekusudia kulima biri, yapo mawili ya kufanya msimu huu bila mkopo. Atenganishe majani ya chini, ya kati na ya juu tangu siku ya kuvuna, asisubiri siku ya kufunga. Na aandike kwenye daftari daraja na bei ya kila robota pamoja na sehemu ya shamba lilikotoka, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya misimu miwili atajua ni tundu gani, kipande gani cha shamba na wiki gani ya kuvuna vinamnyima fedha. Ujuzi huo hautamletea dola 10 kwa gramu 15, lakini atakapokwenda kukaa na mnunuzi, atakuwa na hesabu yake mwenyewe mkononi.